Kabla hatujauza kiwanja kwa ajili ya chuo cha kisiwani

Ukikaa na Waafrika Mashariki wanaoishi Minneapolis, Dallas, Seattle au Toronto, mazungumzo ya watoto na shule hayachelewi kufika kwenye udaktari. Mtoto amemaliza shahada ya kwanza ya baiolojia. Amefanya mtihani wa kuingilia vyuo vya tiba, ule unaoitwa MCAT, na alama zimekuja za wastani. Ameomba vyuo kumi na vitano vya Marekani. Vingine vimesema hapana, vingine vimekaa kimya. Ndipo inapoingia barua pepe kutoka chuo cha tiba kilichoko kwenye kisiwa kimoja cha Karibi, chuo ambacho miaka michache iliyopita hakuna aliyekuwa amekisikia: hongera, umepokelewa, masomo yanaanza Mei, lipa fedha ya kushikilia nafasi ndani ya wiki mbili.

Barua hiyo huandikiwa mtoto aliyeko Marekani, lakini mara nyingi bili yake husomwa Bukoba, Kisii, Mbarara au Bujumbura. Ukoo ndio unaochanga. Kwa hiyo uamuzi wa kwenda au kutokwenda kwenye vyuo hivi vipya si habari ya mbali. Ni habari ya viwanja vyetu, ng'ombe wetu na akiba za vikoba vya mama zetu.

Kwetu sisi imefika mwaka huu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyehamia Texas, ameandika kwenye kundi la familia: “Shikamooni nyote. Nimepata nafasi ya kusoma udaktari. Naomba maombi yenu na mchango wenu.” Ndani ya saa moja kundi lilijaa mikono ya kuomba na maua. Usiku huohuo mmoja wa wazee akapendekeza tuuze kiwanja kilichobaki cha marehemu baba. Mimi ni mjomba, na mjomba ana haki ya kuuliza maswali ambayo wengine wanaona haya kuyauliza. Nimeuliza, na majibu yamenifikisha kwenye msimamo ninaoutoa hapa: chuo kipya cha Karibi, kisicho na rekodi, hakistahili kiwanja cha mtu.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo mawakala hupenda kuvichanganya. Karibi ina chuo kikuu chake cha kikanda, Chuo Kikuu cha West Indies, kilichoanza Mona, Jamaika, mwaka 1948 chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wa udaktari. Ni ndugu wa Makerere kwa jinsi kilivyolelewa na kwa kazi yake ya kuhudumia makoloni kadhaa ya Mwingereza kwa pamoja. Walter Rodney, aliyefundisha historia Dar es Salaam, shahada yake ya kwanza aliipata pale Mona. Chuo hicho hufundisha madaktari wa kutibu watu wa Karibi wenyewe. (Na wenzetu wale wamekilinda chuo chao cha pamoja mpaka leo, wakati sisi Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki tulikigawana vipande vitatu mwaka 1970. Hayo tuyaache kwa leo.)

Kitu cha pili ni vyuo vya biashara vilivyowekwa visiwani kwa ajili ya vijana wa Marekani na Kanada waliokosa nafasi kwao. Kinachojulikana zaidi ni St. George's cha Grenada, kilichoanzishwa mwaka 1976. Wasomaji wenye umri wangu watakumbuka kwamba Rais Reagan alipoivamia Grenada mwezi Oktoba 1983, moja ya sababu alizotoa ilikuwa usalama wa mamia ya wanafunzi Wamarekani waliokuwa wakisoma udaktari kisiwani humo. Mwaka 1978 vikafuata Ross, kilichokuwa Dominica, na American University of the Caribbean, kilichokuwa Montserrat. Baadaye vikaongezeka, Saba, Antigua, Saint Kitts, Anguilla, Saint Vincent, hata visiwa ambavyo unavizunguka kwa pikipiki asubuhi moja na kurudi kunywa chai.

Mpangilio wao karibu wote ni mmoja. Miaka miwili ya nadharia husomwa kisiwani. Kisha mwanafunzi hufanya sehemu ya kwanza ya mtihani wa leseni wa Marekani, USMLE, na akifaulu hupelekwa kwenye hospitali za Marekani kwa miaka miwili ya mafunzo ya wodini. Baada ya hapo huomba nafasi ya residensi, yaani mafunzo ya hospitali ya miaka mitatu au zaidi baada ya shahada. Hapo ndipo penye shingo ya chupa. Shahada ya udaktari bila residensi, kule Marekani, karibu haikupi ruhusa ya kumgusa mgonjwa. Unabaki na cheti ukutani na deni benki.

Nafasi hizo hugawiwa kila mwezi Machi na mfumo mmoja wa taifa. Mwaka 2024, kati ya kila wanafunzi 100 wa mwaka wa mwisho katika vyuo vya kawaida vya Marekani, zaidi ya 93 walipata nafasi. Wamarekani waliosoma nje, kundi ambalo vijana wa Karibi ni sehemu yake kubwa, walipata kama 67 kwa 100. Wasio raia wa Marekani waliosoma nje walipata kama 58 kwa 100.

Mzazi akiisoma 67 anaona si mbaya, theluthi mbili wanapita. Lakini ni 67 ya nani? Hesabu ile huwataja waliofika mwisho tu: waliohitimu au waliokaribia kuhitimu, wakafaulu mitihani ya leseni, wakaitwa kwenye usaili, wakawasilisha orodha yao ya hospitali. Aliyedisko mwaka wa kwanza kule kisiwani hamo. Aliyerudia muhula mara mbili akaishiwa fedha hamo. Aliyemaliza nadharia yote lakini chuo kikamzuia kufanya mtihani wa leseni hamo. Hao nao walilipa ada, na nyuma yao kulikuwa na ukoo uliouza kitu.

Hilo la kuzuiwa mtihani wengi hawalijui, nami nalieleza kidogo maana ndipo takwimu nzuri za matangazo zinapotengenezwa. Vyuo vingi vya aina hii vina mtihani wa ndani ambao lazima ufaulu ndipo wakuruhusu kwenda kwenye mtihani wa leseni. Kwa upande mmoja ni busara, kwa sababu kufeli mtihani wa leseni ni doa lisilofutika. Kwa upande mwingine ni chujio la takwimu. Chuo kikipokea vijana 100, kikawatoa njiani 40, kikawazuia 20, kikawapeleka 40 kwenye mtihani na 36 wakafaulu, tangazo litasema asilimia 90 ya wanafunzi wetu hufaulu. Si uongo kwa hesabu. Lakini aliyeingia mlangoni nafasi yake ilikuwa 36 kwa 100. Namba hizi nimezipanga mwenyewe ili kuonyesha namna hesabu inavyofanywa, ila namna yenyewe ni ya kweli.

Na wako wanaovuka mpaka wa kupanga hesabu. Mwezi Aprili 2022 Tume ya Biashara ya Marekani, inayolinda walaji, ilichukua hatua dhidi ya chuo cha Saint James, chenye kampasi Anguilla na Saint Vincent. Kwa mujibu wa tume hiyo, chuo kilitangaza kwamba karibu asilimia 97 ya wanafunzi hufaulu sehemu ya kwanza ya mtihani wa leseni kwa mara ya kwanza, wakati waliomaliza masomo yanayotakiwa na kufaulu walikuwa asilimia 35. Kilitangaza pia kwamba asilimia 83 hupata residensi. Tume ikasema ukweli ulikuwa kama 63. Chuo na washirika wake walikubali kulipa dola milioni 1.2 za kurejeshea wanafunzi fedha na kufuta madeni. Hicho hakikuwa chuo cha jana; kilikuwa na miaka zaidi ya kumi na wahitimu wa kuhesabu. Chuo kipya hakina hata hilo la kuhesabu. Ukiuliza wangapi wamepata residensi, jibu la kweli ni kwamba hakuna aliyefika huko bado. Kinachojaza pengo hilo ni picha za bahari.

Nilipomwambia mpwa wangu hayo, alinijibu kwa adabu lakini kwa uthabiti: “Mjomba, kipo kwenye orodha ya dunia ya vyuo vya tiba. Nimekiangalia mwenyewe.” Ni kweli kimo. Lakini orodha ile yenyewe inasema wazi kwamba kuandikwa humo si ithibati wala si uthibitisho wa ubora. Ni kama daftari la namba za simu: kuwa na jina humo hakumaanishi mtu ni mwaminifu. Linalotakiwa ni ithibati kutoka chombo kinachotambuliwa na Shirikisho la Dunia la Elimu ya Tiba. Karibi wanacho chombo cha namna hiyo, CAAM-HP, kilichoundwa chini ya jumuiya yao ya CARICOM na chenye makao Jamaika, na taasisi ya Marekani inayowahakiki madaktari waliosoma nje, ECFMG, sasa huonyesha kwenye kumbukumbu zake kama chuo cha mhitimu kina ithibati ya chombo kinachotambuliwa au hakina. Mkuu wa hospitali anayechagua kati ya mafaili mia tano ya waombaji ataliona hilo kabla hajaona jina la mtoto wetu.

Kibali cha serikali ya kisiwa ni kitu kingine kabisa. Visiwa vidogo vinahitaji fedha, na chuo cha tiba huleta wapangaji, wala chakula na walipa kodi. Waziri anayetoa kibali anaangalia uchumi wa wananchi wake, na simlaumu. Ila kibali hicho hakimsaidii kijana wetu mbele ya hospitali ya Chicago.

Kuna mabadiliko mengine mawili ambayo wazee wa familia, wenye mifano ya miaka ya tisini, hawana habari nayo. Zamani, kijana wa Karibi aliyepata alama ya juu sana kwenye sehemu ya kwanza ya mtihani wa leseni aliweza kujitetea: chuo changu hamkijui, lakini tazameni alama yangu. Tangu Januari 2022 sehemu hiyo haina tena alama. Ni kufaulu au kufeli. Sehemu ya pili bado ina alama, lakini hiyo hufanywa baadaye sana, fedha nyingi zikiwa zimeshatumika. Mwaka 2023, kati ya waliosoma nje ya Marekani na Kanada waliofanya sehemu ya kwanza kwa mara ya kwanza, waliofaulu walikuwa asilimia 72. Badiliko la pili ni kwamba Marekani yenyewe imefungua vyuo vingi vya tiba, hasa vile vinavyotoa shahada ya DO, na tangu mwaka 2020 wahitimu wa vyuo hivyo wanagombea nafasi za residensi katika mfumo mmoja na wenzao. Wahitimu wao wanaofika mwisho hupata nafasi kwa zaidi ya asilimia 90. Mlango ambao watoto wa visiwani walikuwa wakipitia bado uko wazi, lakini mbele yake sasa kuna foleni ndefu ya watoto wa nyumbani.

Swali ambalo mimi nalipa uzito kuliko yote halihusu takwimu. Ni hili: hospitali iko wapi?

Udaktari hujifunzwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Chuo kisicho na hospitali yake lazima kikodi nafasi kwenye hospitali za wengine, na nafasi hizo zina bei. Mwaka 2007 St. George's kilifunga mkataba wa miaka kumi wa dola milioni 100 na hospitali za umma za jiji la New York ili wanafunzi wake wapate wodi za kujifunzia. Vyuo vya Marekani vililalamika kwamba vinaondolewa kwa nguvu ya fedha. Ukiwa chuo kipya chenye wanafunzi themanini, utashindana na mkoba huo kwa nini? Jimbo la New York lina utaratibu kwamba mwanafunzi wa chuo cha nje ambacho halijakiidhinisha haruhusiwi kufanya zaidi ya wiki 12 za mafunzo ya wodini katika jimbo hilo. Kwa hiyo wanafunzi wa vyuo vipya huzungushwa: wiki sita Chicago, wiki nne Atlanta, mwezi mzima nyumbani wakisubiri nafasi, kisha kliniki ndogo ya daktari mmoja ambako hakuna residensi yoyote na hakuna profesa wa kuwaandikia barua yenye uzito. Kila kuhama kuna nauli na kodi ya chumba.

Asiniambie mtu kwamba nina chuki na kitu kipya. Hapa kwetu, Rwanda, kuna Chuo Kikuu cha Usawa wa Afya Duniani kule Butaro, kilichoanza kufundisha shahada ya udaktari mwaka 2019. Ni kipya kuliko baadhi ya hivyo vya Karibi ninavyovitilia shaka. Lakini kilianzishwa na Partners In Health, shirika la marehemu Paul Farmer, ambalo lilikuwa limeshafanya kazi nchini humo kwa miaka, na kimesimama jirani na hospitali ya wilaya iliyofunguliwa mwaka 2011 yenye wagonjwa wa kweli na huduma ya saratani. Hospitali ilitangulia, chuo kikafuata. Kule visiwani mara nyingi chuo hutangulia, na hospitali hutafutwa kwa simu.

Kuna tufani pia. Mwezi Septemba 2017 kimbunga Maria kiliiharibu Dominica, na Ross ikalazimika kuwafundishia wanafunzi wake ndani ya meli iliyotia nanga Saint Kitts, kisha Tennessee, na hatimaye mwaka 2019 ikahamia Barbados moja kwa moja. Mwezi huohuo kimbunga Irma kiliipiga Sint Maarten, na wanafunzi wa American University of the Caribbean wakasafirishwa kwenda kusomea Preston, Uingereza. Chuo hicho kilishawahi kuhama mara moja, kutoka Montserrat, volkano ilipoanza kulipuka mwaka 1995. Nyuma ya vyuo vyote viwili kulikuwa na kampuni kubwa iliyoweza kukodi meli na ndege. Chuo kipya kikipigwa na kimbunga katika muhula wa tatu, nani atakodi meli? Hilo ni swali la kuuliza kwa maandishi na kudai jibu kwa maandishi.

Sasa fedha. Serikali ya Marekani huwakopesha raia wake kusoma kwenye vyuo vichache tu vya Karibi, kwa masharti yanayojumuisha asilimia 75 ya wanafunzi na wahitimu kufaulu mtihani wa leseni. Chuo kipya hakimo. Maana yake ni kwamba mwanafunzi atalipa taslimu au atachukua mkopo wa benki binafsi, wenye riba ya juu na unaotaka mdhamini. Mdhamini huwa ni mama, muuguzi msaidizi anayefanya zamu mbili katika nyumba ya wazee, na nyumba yake ndiyo inayowekwa rehani. Hata kwa vyuo vya zamani mambo yamebana: kwa sheria iliyopitishwa Julai 2025, ule mkopo wa serikali uliokuwa ukifidia gharama zote zilizobaki unafungwa kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026, na anayesomea udaktari atakopeshwa mwisho dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Pengo litajazwa na nani? Ndiyo maana barua za michango zitazidi kuja huku, na ndiyo maana nimeona niandike sasa.

Mpwa wangu ni raia wa Marekani. Wako vijana wetu wengine wanaopelekwa visiwani moja kwa moja kutoka Nairobi, Kampala au Dar es Salaam na mawakala, kwa ahadi kwamba Karibi ni ngazi ya kuingilia Marekani. Hao mambo yao ni magumu zaidi, nami nayasema kwa haraka lakini wayasikie. Miaka miwili ya wodini inahitaji viza ya Marekani. Residensi inahitaji viza nyingine, na wengi hupewa ya J-1, ambayo haitolewi mpaka Wizara ya Afya ya nchi yako iandike barua kwamba nchi inahitaji ujuzi huo na unatarajiwa kurudi. Ukimaliza unatakiwa urudi nyumbani kwa miaka miwili, labda upate msamaha. Tangu Juni 2025 raia wa Somalia na Burundi, nchi wanachama wa jumuiya yetu, wamewekewa vikwazo vya kuingia Marekani, na kwa Burundi vimegusa hata viza za wanafunzi. Wakala anayechukua ada ya mtoto wa Bujumbura leo kwa ahadi ya wodi za Chicago anajua anachokifanya.

Najua hoja ya upande wa pili, na nimeisikia kwa shemeji yangu kwa sauti ya juu. Kila chuo kiliwahi kuwa kipya. St. George's kilichekwa mwaka 1977, leo wahitimu wake wamejaa katika hospitali za New York. Marekani ina upungufu wa madaktari, hasa wa familia na wa vijijini, na vijana wa Karibi ndio wanaokwenda huko ambako wengine hawataki. Ukiwakataza watoto wa wahamiaji njia hii, unawaachia udaktari watoto wa matajiri waliolipiwa walimu wa ziada wa MCAT. Hoja hii ina ukweli, na inaniuma. Mtoto wa dada yangu hakukosa akili; alikosa muda, kwa sababu miaka yote minne ya shahada ya kwanza alikuwa akifanya kazi usiku dukani.

Lakini waliokwenda Grenada mwaka 1977 walibeba hatari yao katika soko jingine kabisa, na hadithi zao tunazisikia kwa sababu walifika. Shemeji alinitajia daktari mmoja anayemfahamu, aliyesoma kisiwani na sasa ana kliniki yake Houston. Nikamwomba anitajie wenzake wa darasa lake wako wapi. Hakujua. Hakuna anayejua, kwa sababu aliyeshindwa haji kwenye harusi na kadi yenye neno “Dk.”.

Nilichomshauri mpwa wangu ni asubiri mwaka mmoja. Afanye MCAT upya, safari hii akiwa amepunguza zamu, na mchango wa ukoo umlipie muda huo wa kusoma. Hiyo ni gharama ndogo kuliko muhula mmoja wa kisiwani. Aombe vyuo vya DO, ambavyo safari ya kwanza hakuviomba hata kimoja kwa sababu rafiki zake walimwambia si udaktari kamili, jambo ambalo si kweli: leseni ni kamili. Vikikataa vyote na bado anataka Karibi, basi iwe ni kimoja cha vile vya zamani vyenye ithibati, mikopo ya serikali na orodha ya wahitimu waliopata residensi, na aingie akijua kwamba anacheza kamari yenye namba zinazojulikana. Na njia ya nne nimeiweka mezani japokuwa dada yangu alicheka: aje asome Makerere, Muhimbili au Nairobi. Atakuwa bado ni mhitimu wa nje machoni pa Marekani, na takwimu za waliosoma nje zitamhusu. Lakini deni lake litakuwa dogo, wagonjwa atawaona tangu mapema, na asipopata residensi kule atakuwa daktari hapa, anayetambulika na anayehitajika. Aliyekwama akiwa na shahada ya chuo kisichojulikana hana huku wala kule.

Hajanijibu bado. Kiwanja hakijauzwa, hati ninayo mimi.

Kuna jambo moja la kiserikali, na ndilo linalonifanya niandike katika gazeti hili badala ya kuishia kwenye kundi la familia. Mabaraza ya madaktari ya nchi za Afrika Mashariki yameshazoea kukagua vyuo vya tiba vya kanda hii kwa pamoja. Kila baraza pia huwahakiki madaktari waliosoma nje kabla ya kuwapa leseni. Kwa hiyo takwimu tunazozitafuta kwa tochi zimo kwenye makabati yao: waliotoka chuo fulani cha nje ni wangapi, wangapi walifaulu mara ya kwanza, wangapi walirudishwa. Wenzetu wa Karibi, wakiwa na visiwa vidogo na fedha kidogo, waliunda chombo kimoja cha ithibati ya tiba na kukifanya kitambulike duniani. Sisi tuna Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki pale Kampala na sekretarieti nzima pale Arusha. Wachapishe kila mwaka jedwali moja, kwa Kiswahili, lenye jina la chuo cha nje na matokeo ya wahitimu wake mbele ya mabaraza yetu. Halihitaji mkutano wa marais. Linahitaji karani mmoja na ruhusa ya makatibu wa mabaraza, na lingetolewa kabla ya Mei, mwezi ambao vyuo vile huanza muhula mwingine.